MAISHA YA BWANA BURTON WA MWANZA



Safari hii tumechagua habari ya mutu mumoja ambaye bazee wetu wanamujua kuliko siye. Jina lake William Frederick Padwick Burton. Ukiuliza muzee yeyote wa upande wa Malemba-Nkulu, atakuambia kama huyu njo Mwingereza wa kwanza wa misioni ya Mwanza (haiko ile Mwanza ya Tanzania, musikosee kwenye ramani). Watu walimupa jina Kapamu, maana yake mutu anayetoka mbio, kwani hakujua kwenda polepole. Tumemuchagua si kwa sababu alikuwa malaika. Tumemuchagua kwa sababu kuko jambo moja katika maisha yake ambalo sisi wanafunzi wa Kamina hatuwezi kulipita: mutu huyu alikuja hapa ili vitu vingi vya bababu zetu vipotee, na leo, tukitaka kujua vitu vile vilikuwa namna gani, tunalazimika kufungua vitabu vyake. Tutaona ilikuwa vipi.

Alizaliwa mwaka 1886 kule Liverpool, muji mukubwa wa bandari katika Uingereza. Alisomea kazi ya mashine na umeme, akawa enjenyere katika muji wa Preston. Kule Preston kulikuwa kanisa la Wapentekoste na masomo ya Biblia yaliyofundishwa na Thomas Myerscough. Burton akasoma mule, akaamini kama Mungu anamuita Afrika, akaacha kazi ya mushahara muzuri. Ya utoto wake tunaacha, hayana mambo mingi kwa habari yetu.

Mwaka 1914 aliacha kwao, akapitia Afrika ya Kusini. Mwaka ule vita vikubwa vya Ulaya vilianza, na watu wengi walifikiri safari kama hii ni wazimu. Mwaka 1915 akaingia katika inchi yetu pamoja na wenzake watatu: James Salter, kijana wa Preston ambaye alikuwa rafiki yake sana, Joseph Blakeney, na muzee mumoja aliyeitwa Armstrong. Muzee Armstrong hakufika. Malaria ilimukamata, akafa njiani. Blakeney naye hakukawia sana, akarudi Afrika ya Kusini. Basi wakabaki wawili tu, Burton na Salter, vijana wasiojua luga, na homa ilikuwa inawaangusha mara kwa mara. Wakajenga Mwanza, na kazi yao ikaitwa Congo Evangelistic Mission.

Tukumbuke vilevile inchi waliyoikuta ilikuwa inchi gani. Haikuwa inchi ya utulivu. Mulopwe Kasongo Nyembo, ambaye utawala wake ni wa upande huu wetu wa Kamina, alikuwa angali anapigana na Wabelgiji, na vita vile havikuisha mpaka alipokamatwa mwaka 1917 na kupelekwa mbali, Buta, kule kaskazini. Alikufa mwaka 1931. Kamina hii tunayoijua, yenye gari la moshi na karakara zake, haikuwa bado: reli ya kutoka Bukama kwenda Ilebo ilifunguliwa mwaka 1928. Burton alipofika, mutu alikwenda kwa miguu ao kwa mutumbwi, basi.

Na kuko kidonda kingine cha zamani zaidi. Kwa miaka mingi watu wetu walikuwa wakikamatwa na kuuzishwa utumwani. Wengine walipelekwa mashariki, wengine magharibi mpaka Bihé katika Angola. Wale wa Angola, wengine wao waliingia katika misioni za kule, wakaamini, na wengine walikwisha kujifunza kusoma. Utumwa ulipoanza kuvunjika, wakashika njia, wakarudi kwao kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita, na wengi hawakujua tena kama kuna ndugu aliyebaki wa kuwapokea. Anayejulikana zaidi kati yao ni Shalumbo. Mutu huyu zamani yeye mwenyewe alijua kazi mbaya ya kushika watumwa, kisha akageuka, akarudi na Injili, akaomba walimu waje. Burton aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1929.

Tunasema hivi kwa makusudi. Mara mingi tunapofundishwa historia ya misioni, tunafikiri Mzungu alishuka na kitabu mukononi, na watu wetu wakakaa chini kumungojea. Haikuwa vile. Kuko Baluba waliobeba Injili kichwani mwao kutoka Angola mbele ya Burton kujua Kiluba hata neno moja. Na mbele ya hapo kulikuwa namna ya kusoma ya kwetu, ambayo tutaiseme chini kidogo.

Burton alikuwa mutu wa mikono. Alifyatua matofali, akapima viwanja, akachora ramani, akatengeneza vitu vilivyovunjika. Mwaka 1918 akaoa Hettie Trollip wa Afrika ya Kusini, mwanamuke ambaye alivumilia Mwanza pamoja naye miaka mingi. Kazi ikapanuka: makanisa, masomo ya kusoma na kuandika, vituo vipya upande wa Lualaba na kwingine. Wenye kuipanua zaidi walikuwa waevanjelisti wa inchi, wenye kutembea kijiji kwa kijiji. Lakini jambo moja tunalolipenda katika Burton ni hili: alijifunza Kiluba kweli. Hakutosheka na yale maneno ya kuamuru boyi jikoni. Alijifunza methali, majina ya watu na sababu yake, hadithi, masifu ya wafalme. Mwenye kujua Kiluba anajua kama pasipo methali hauwezi kusema hata shauri la mbuzi aliyekula mihogo ya jirani. Burton alilielewa jambo lile mapema, akaanza kuandika katika daftari zake kila methali aliyoisikia.

Sasa tufike kwenye upande mugumu.

Burton alihesabu dini ya bababu kuwa vita. Manga, sanamu, mapembe yenye dawa, vitu vya waganga, vyote kwake vilikuwa kamba ambazo Shetani alifungia watu. Mutu alipoamini, aliombwa alete vitu vyake inje mbele ya wote, na vilichomwa moto. Mambo haya yalifanyika mara mingi katika misioni ile, na wamisionere waliyaandika kwa furaha katika barua zao. Hatutaki kuhukumu kwa haraka. Wale walioleta manga yao hawakuwa watoto. Wengi walikuwa wamechoka na woga wa ulozi, na moto ule kwao ulikuwa kufunguliwa. Siye tulio Wakristo tunajua maana yake. Lakini katika marundo yale kulikuwa vilevile viti vilivyochongwa, fimbo za heshima, mito ya kulalia kichwa, kazi za mafundi ambao hatujui majina yao na hatutayajua tena. Moto haukuchagua.

Kumbe mutu yuleyule alikuwa na mukono wa pili. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 mpaka katika miaka ya 1930 Burton alikusanya vitu vya Baluba kwa ajili ya chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ambako walimu wa elimu ya desturi za watu walimuomba awasaidie. Akatuma vitu, na pamoja na vitu picha alizopiga, na maelezo: kinaitwa namna gani, kinafanya kazi gani, ni nani anayekishika. Alichora pia, kwa penseli na kwa rangi, kwani alikuwa na mukono muzuri. Mutu anayeshika kiberiti upande huu, upande ule anafunga sanduku vizuri ili kitu kisivunjike! Tumejadiliana sana juu ya jambo hili mbele ya kuandika. Mumoja kati yetu alisema Burton alikuwa na mioyo miwili. Mwingine alisema hapana, moyo ulikuwa moja: alifikiri vitu vile vitakufa tu, basi afadhali viandikwe mbele ya kufa. Sisi wengine tunaona huyu wa pili ana haki, ila tunaongeza kama mwenye kufikiri kitu kitakufa, mara nyingine njo yeye anayekisaidia kufa.

Chukueni mufano wa mbudye. Wengi wetu tunalisikia jina hili tu, na wazazi wengine hawataki hata litajwe nyumbani. Mbudye ilikuwa shirika la watu wenye kuchunga habari za ufalme. Burton aliichukia sana kwa ajili ya siri zake na michezo yake, na aliandika maneno makali juu yake. Lakini watu wa mbudye walikuwa na kitu kinachoitwa lukasa. Ni ubao mudogo wa muti, wa kushikwa mukononi, wenye shanga na mara nyingine simbi, ao michoro iliyochongwa juu yake. Mwenye kufundishwa aliushika mukono wa kushoto, akapitisha kidole cha mukono wa kuume juu ya shanga, na kidole kilipogusa, kinywa kikasema: mfalme huyu, safari hii, ziwa hili, mahali hapa patakatifu, ukoo huu na kiti chake. Shanga moja kubwa iliweza kuwa mfalme na wadogo wake wakimuzunguka. Musitari wa shanga uliweza kuwa njia ya safari. Na hakuna aliyeruhusiwa kuisoma mbele ya kufundishwa miaka na kupanda ngazi moja kwa moja.

Basi kama hiyo haiko kusoma, tuelezwe kusoma ni nini! Tunasikia wanafunzi wakisema kama kitabu ni kitu cha Wazungu, kama kukaa na kitabu saa mbili ni kazi ya watu wasiojua kucheza mupira. Bababu zetu walikaa miaka kujifunza ubao usiopita urefu wa mukono. Na walipokosea, bazee wenzao walikuwa pale kuwakosoa, kwani habari ya mfalme haikuwa maneno ya kuzungumuza kwenye pombe.

Leo lukasa nyingi ziko katika nyumba za kumbukumbu, Tervuren katika Ubelgiji, na Marekani. Mwenye kuzisoma vizuri amekuwa mutu wa nadra. Ubao unaonekana katika kioo na taa ya umeme, lakini kidole hakipo.

Vitabu vya Burton ni vingi, zaidi ya makumi mawili. Vingine ni vya kazi ya misioni. Vile vinavyotuhusu zaidi hapa ni vichache: kimoja kwa Kifaransa juu ya roho ya Baluba, kilichotoka Elisabethville mwaka 1939; kingine cha hadithi za kwetu, cha mwaka 1961; na kile kikubwa juu ya dini na desturi za Baluba, kilichopigwa chapa na nyumba ya kumbukumbu ya Tervuren mwaka uleule wa 1961. Methali zake alizotoa kidogokidogo katika gazeti la elimu la Katanga ni mamia kwa mamia. Karibu vyote viko Kifaransa ao Kingereza. Njo maana, ndugu, wakati mwalimu wa Kingereza anapoingia katika kilasi na ninyi munalala, mufikirie kama hadithi za nyanya zenu ziko zinawangojea ndani ya luga ile.

Tena musisome Burton sawa vile mutoto anavyokula uji, kumeza tu. Kuko mahali anaposema vizuri sana, kwa macho ya mutu aliyekaa miaka arobaini na tano. Kuko mahali anapoita ujinga kitu ambacho hakukielewa. Kuko mahali muzee alimwambia kidogo na kuficha kingi, kwani mwenye kuuliza alijulikana kama atakwenda kuhubiri juu yake kesho asubui. Na jina lililo juu ya kitabu ni la mumoja tu, lakini waliomujibu, waliomuongoza katika pori, waliomurekebisha neno lilipokuwa baya, ni wengi, bazee na vijana wa makanisa yake. Mwanafunzi mwema atasoma, kisha atakwenda kuuliza nyumbani: ni kweli? Wakimujibu kama si kweli, amepata kitu cha kuandika yeye mwenyewe.

Kuko faida ingine katika daftari zile, na hii hatukuifikiria mbele ya kuanza kazi hii. Methali na hadithi za Baluba zimejaa pori. Kila pahali kuna muti na jina lake, samaki na tabia yake, ndege anayelia kwa saa fulani, kichuguu, mwamba, mutego. Mutu asiyejua muti hawezi kujua methali. Leo mwulize mwanafunzi wa muji wetu ataje majina kumi ya miti kwa Kiluba, si matunda ya kuuza sokoni, miti ya pori. Sisi tulijaribu katika kikundi chetu. Matokeo tunayaficha. Tunajua sana jina moja tu, makala, na makala ndiyo miti yenyewe ikiwa imekwisha kufa. Magunia yanaingia Kamina kila siku kwa baiskeli, kutoka mbali zaidi kila mwaka, na kila nyumba inapikia makala, hata zetu, hatusemi kama tuko watakatifu.

Vilevile wanyama. Upande wa Lualaba kuko Upemba, ambayo iliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1939, wakati Burton alikuwa Mwanza. Katika matope na majani ya kando ya maziwa yale kunaishi swala mumoja apendaye maji. Wavuvi wanamujua tangu zamani, lakini wataalamu wa wanyama walimuhesabu tu kuwa sawa na ndugu zake wa Zambia. Mafuvu na ngozi zake zilichukuliwa Brussels, zikakaa kule miaka makumi. Mwaka 2005 mutaalamu mumoja akazipima vizuri, akaona kama huyu ni aina yake peke yake, haiko pahali pengine duniani, ni ya kwetu tu. Wakamupa jina la kitaalamu Kobus anselli. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu mingi. Mwaka 2023 ndege ilipopita juu kuhesabu, waliowaona walikuwa kumi. Wanafikiri wote pamoja hawafike mia moja. Kwa hiyo swala huyu alikaa katika sanduku sawasawa na viti vya Burton, akingojea mutu wa kumusoma, na aliposomwa alikuwa karibu kwisha.

Na chini ya udongo uleule kuko kitabu kingine. Kule Sanga, kwenye ziwa Kisale, tangu mwaka 1957 wataalamu walichimba makaburi ya zamani, wakakuta vyungu vizuri sana, chuma, shaba, na misalaba ya shaba iliyokuwa sawa feza. Kazi iliendelea katika miaka ya 1970. Ilionekana kama watu walikaa pale zaidi ya miaka elfu moja, wakivua samaki, wakifua chuma, wakifanya biashara ya mbali. Wale wanaosema kama kwetu hakukuwa kitu mbele ya gari la moshi, tunawaomba waende kwanza Kikondja wasimame pale kando ya maji.

Turudi kwa Burton, tumalize. Mwaka 1960 inchi ilipata uhuru, na upande wetu fujo na damu vilifuata. Katika mwezi wa 11 mwaka ule wamisionere wawili wa misioni yake, Teddy Hodgson na Elton Knauf, waliuawa kule Lulungu. Wakristo wa inchi waliteswa vilevile, na wao hawakuwa na ndege ya kuwaondoa. Burton alikuwa amekwisha kupita miaka sabini. Akaondoka mwaka ule wa 1960, akaacha Mwanza aliyoijenga, na makanisa yakabaki mikononi mwa watu ambao alizoea kuwaita watoto wake. Hawakuwa watoto. Waliyashika, na mpaka leo yako, chini ya jina la Wapentekoste wa Kongo, makanisa mingi kuliko yale aliyoyaacha.

Yeye alikwenda kukaa Afrika ya Kusini. Aliendelea kuandika kule. Alikufa mwaka 1971, akiwa na miaka 84. Salter rafiki yake alimufuata mwaka 1972. Vitu alivyovikusanya vilikaa Johannesburg. Mwaka 1992 chuo kikuu kile kilivitoa, kikavionyesha kwa watu na kuvitolea kitabu, na Baluba wachache sana walikuwa pale kuviona.

Katika namba itakayofuata tutaandika maisha ya Shalumbo. Mwanafunzi ao mwalimu ambaye katika jamaa yake kuna muzee aliyesikia habari ya wale waliorudi kutoka Angola, amuulize wakati wa likizo, aandike katika daftari jina la kijiji, jina la muto walipovuka, na jina la muti waliopumuzika chini yake kama bado linajulikana, atuletee mbele ya kazi ya kupiga chapa kuanza.